Hadhira Ndogo na Filamu Isiyokwisha: Onyesho la Majaribio katika Utengenezaji wa Filamu Huru

Utangulizi

Nyani, wasema wahenga, haoni kundule. Methali hii hutumiwa aghalabu kumkemea mtu anayewacheka wenziwe, lakini inayo maana nyingine inayomhusu kila msanii: mtu aliyeikaribia sana kazi yake hawezi kuiona kama waionavyo wengine. Mtunzi wa hadithi anaweza kuufungia mswada wake sandukuni kwa miezi miwili, kisha akausoma upya kwa macho ya mgeni. Mtengenezaji wa filamu hapati nafasi hiyo kwa urahisi. Kufikia siku anapomaliza kuziunganisha picha zake, huwa amekwisha kuitazama kila moja mara nyingi mno. Anajua mhusika atasema nini kabla hajafumbua kinywa. Anayakumbuka hata yale yaliyokatwa na kuwekwa kando. Kwa hiyo, panapokuwa na pengo katika kisa, yeye hulijaza kwa kumbukumbu zake bila kufahamu kwamba analijaza. Mtazamaji wa kawaida hana kumbukumbu hizo, naye hutumbukia katika pengo hilo.

Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kulitatua tatizo hilo, yaani onyesho la majaribio. Kwa istilahi hii hukusudiwa kitendo cha kuionyesha filamu ambayo haijakamilika mbele ya watu wachache, kabla ya kutolewa kwa umma, ili kujua wameelewa nini na ni wapi wamepotea. Filamu inayozungumziwa ni filamu huru, yaani ile inayotengenezwa nje ya makampuni makubwa, kwa fedha za mtengenezaji mwenyewe, za marafiki zake au za ruzuku ndogo.

Kwa kampuni kubwa, onyesho la namna hii ni chombo cha biashara. Kwa mtengenezaji wa kujitegemea, ni jambo zito zaidi. Filamu yake ikishatoka na dosari, hana fedha za kutengeneza nyingine mwaka ujao, wala hana matangazo ya kuifunika dosari hiyo. Zaidi ya hayo, mara nyingi filamu yake huwahusu watu halisi wanaoishi karibu naye. Wakionyeshwa visivyo, watakaoumia ni wao. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba onyesho la majaribio, likifanywa vyema, humrudishia mtazamaji sauti ambayo filamu kwa umbile lake imemnyang'anya. Lakini sauti hiyo haipatikani kwa kuwakusanya watu tu na kuwauliza kama wamefurahi. Inataka utaratibu, adabu, na lugha ifaayo.

Fanani, Hadhira na Filamu

Katika fasihi simulizi, fanani huijaribu kazi yake kila anapoisimulia. Asemapo "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", huwa amekwisha kupata habari ya kwanza: hadhira i macho. Anapoendelea, huzisoma nyuso. Watoto wakianza kusinzia, hupandisha sauti au hukifupisha kisa. Mzee akitikisa kichwa kwa kutoridhika, fanani hurudi nyuma na kueleza upya ukoo wa mhusika. Hadithi isimuliwayo leo si ile hasa iliyosimuliwa jana, kwa kuwa hadhira nayo imeshiriki katika kuitunga.

Filamu ni kinyume chake. Ikishakamilika haibadiliki. Mtazamaji aweza kucheka, kulia au kuondoka, nayo itaendelea vile vile kama kwamba ukumbi ni mtupu. Ndiyo sababu waanzilishi wengine wa sanaa hii walitambua mapema kwamba hadhira lazima iingizwe kabla ya kazi kufungwa. Robert Flaherty, alipokuwa akiipiga picha filamu yake ya Nanook of the North miongoni mwa Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada mwaka 1920 na 1921, alizisafisha picha zake huko huko kwenye baridi na kuwaonyesha wale wale aliowapiga. Walipoiona picha ya wawindaji wakimvuta mnyama wa baharini kwa kamba, watazamaji walipiga kelele za kuwahimiza wenzao wasimwachie. Tangu hapo walifahamu mgeni huyu alikuwa akitafuta nini, wakawa wanampendekezea mambo mengine ya kupigwa picha. Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1922.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake katika jambo hili. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu 35 katika kituo chake cha Vugiri, kwenye milima ya Usambara, nchini Tanganyika. Mradi huo uliongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zake zilipakiwa katika gari na kuonyeshwa vijijini Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwa katika ukanda wa picha bali katika sahani za santuri, na kwa njia hiyo filamu moja iliweza kufuatana na maelezo ya lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Kwa upande wa lugha, hii ilikuwa hatua ya maana. Hata hivyo, mambo ya kusemwa, kama vile kilimo, afya, kodi na kuweka akiba ya fedha, yalikuwa yamekwisha kuamuliwa na wenye mradi. Lugha ilibadilishwa ili imfikie mtazamaji. Maoni ya mtazamaji hayakuwa na njia ya kufika mezani ambako filamu ilitungwa. Jaribio lilikuwa la kumpima mtazamaji kuliko kuipima filamu. Tofauti ya mambo hayo mawili ni muhimu, nayo inajitokeza wazi katika mfano unaofuata.

Usiku Mmoja Ayorou

Jean Rouch alikuwa mhandisi Mfaransa aliyefika Niger mwaka 1941 kujenga barabara, kisha akawa mtaalamu wa mila na mtengenezaji wa filamu. Alifanya kazi huko kwa zaidi ya miaka 60, na huko huko alifariki katika ajali ya gari mwaka 2004. Mwaka 1951 aliwafuata wavuvi wa Kisorko walipokuwa wakiwinda viboko kwa mitumbwi na vyusa katika Mto Niger. Kutokana na picha hizo aliunganisha filamu aliyoiita Bataille sur le grand fleuve, maana yake vita katika mto mkubwa. Katika filamu hiyo wawindaji wanaua viboko kadhaa, lakini dume kubwa kuliko yote linawashinda na kuponyoka.

Miaka michache baadaye Rouch aliirudisha filamu hiyo kwa wenyewe, katika kijiji cha Ayorou kando ya mto huo. Shuka lilitundikwa ukutani, mashine ikawashwa, na watu wakakusanyika. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwanzoni watu waliitazama mashine inayotoa mwanga. Punde si punde wakageukia shuka na kujitambua. Kisha kilizuka kilio, kwa sababu baadhi ya watu walioonekana wakicheka na kupiga makasia walikuwa wamekwisha kufariki. Watu wakataka filamu irudiwe, nayo ikarudiwa mara kadhaa usiku huo. Ni baada ya marudio hayo tu ndipo ukosoaji ulipoanza.

Ukosoaji uliokuwa mzito kuliko wote ulihusu muziki. Katika sehemu ya kumkabili kiboko, Rouch alikuwa ameweka wimbo wa wawindaji wenyewe, wimbo wa kutia ushujaa. Alidhani amefanya jambo la heshima: badala ya kuazima muziki wa Ulaya, ametumia muziki wa watu hao hao. Wawindaji walimwambia kwamba amekosea. Anayemwinda kiboko hunyamaza kimya. Kiboko aliye chini ya maji husikia, na ukipigwa muziki atakimbia. Rouch aliukubali ukosoaji huo na kuuondoa wimbo huo, na tangu hapo akawa mwangalifu sana katika kuweka muziki kwenye filamu zake.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa, maana ndani yake mna mafunzo yote ya onyesho la majaribio.

Kwanza, kosa lililogunduliwa lisingeweza kugunduliwa na mtu mwingine yeyote. Watazamaji wa Paris wangeusikia wimbo ule na kuusifu kwa uasili wake. Katika mazoea ya sinema ya Ulaya, muziki huwa nje ya kisa. Hakuna mhusika anayeusikia, bali unasemezwa moyo wa mtazamaji. Kwa wawindaji wa Ayorou, sauti yoyote inayosikika pale mtoni ni sauti iliyopo pale mtoni, na kiboko naye anayo masikio. Hapa palikuwa na sarufi mbili za filamu zilizokutana, na sarufi ya wawindaji ndiyo iliyoafikiana na ukweli wa uwindaji wenyewe.

Pili, ukosoaji haukuja mara moja. Watu walipitia kwanza mshangao, kisha furaha ya kujiona, kisha majonzi. Mtu angewauliza maswali baada ya onyesho la kwanza, angepata machozi na pongezi tu, akaondoka akidhani filamu yake haina dosari.

Tatu, ukosoaji ulizaa kazi nyingine. Kutokana na maonyesho ya namna hii watu wa eneo hilo walianza kumweleza Rouch filamu wanazotaka zitengenezwe. Moja ni ile ya uwindaji wa simba kwa mishale, iliyokamilika mwaka 1965 na kupata tuzo ya Simba wa Dhahabu mjini Venice. Nyingine ni Jaguar, kisa cha vijana wa Niger wanaosafiri kwenda Gold Coast kutafuta kazi. Filamu hiyo ilipigwa bila sauti mwaka 1954. Mwaka 1957, mjini Accra, waigizaji wawili, Damouré Zika na Lam Ibrahima Dia, waliitazama na kuisimulia papo hapo, wakitaniana na kuongeza maneno kadiri picha zilivyopita. Masimulizi yao yakawa sauti ya filamu yenyewe. Hapo watazamaji walikuwa wamegeuka mafanani.

Wa Kualikwa na Wakati wa Kualika

Kutokana na mfano huo na mingineyo, taratibu kadhaa zinaweza kuelezwa.

La kwanza ni wakati. Onyesho hufaa kufanywa wakati filamu ina mwanzo, kati na mwisho, lakini kabla sauti na rangi hazijarekebishwa kwa mara ya mwisho. Likifanywa mapema mno, watazamaji watakosoa mambo ambayo mwenye kazi alikuwa anajua kuwa yangebadilika. Likifanywa baada ya kila kitu kukamilika, mwenye kazi hatakuwa na moyo wa kubadili wala fedha za kubadilia, naye atayasikiliza maoni kama mtu anayesomewa hukumu. Zamani, ukanda wa filamu ulipokuwa ukikatwa kwa mkasi na kugandishwa, kila badiliko liligharimu. Siku hizi picha huunganishwa kwa kompyuta na badiliko si ghali; lakini wahenga walivyosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, neno lao lingali na nguvu. Ufa katika filamu huzibika kwa urahisi kabla ya watu kuona tamasha, si baada yake.

La pili ni idadi. Watu wapatao kumi au ishirini watosha. Wakiwa watatu, mmoja mwenye ulimi mwepesi atawatawala wenziwe. Wakiwa mia moja, kicheko cha wengi kitazifunika nyuso za wachache waliopotea njiani, na mazungumzo ya baadaye yatageuka mkutano wa hadhara.

La tatu ni watu wenyewe. Walio rahisi kuwapata ndio wasiofaa: ndugu, wapenzi na waliofanya kazi katika filamu hiyo. Ndugu hupongeza kwa sababu ya undugu. Aliyeshiriki naye hujaza mapengo kwa kumbukumbu kama mwenye kazi. Watengenezaji wenzake wafaa kwa idadi ndogo tu, maana hao hueleza jinsi ambavyo wao wangeitengeneza filamu hiyo. Wanaohitajiwa hasa ni watu wa aina ile iliyokusudiwa na filamu, wasiokijua kisa chake. Kama filamu yahusu wavuvi, sharti wawepo wavuvi watakaotambua kama wavu umetupwa sivyo. Lakini pia wawepo watu wasiojua uvuvi, ili ijulikane kama asiyejua anaweza kufuata. Makundi hayo mawili hutoa habari mbili tofauti. Kundi la kwanza hupima ukweli, na kundi la pili hupima uwazi.

La nne ni mwenendo wa mwenye kazi siku hiyo. Asitoe hotuba kabla ya onyesho, kwa kuwa filamu yake itakapokwenda mbali hataambatana nayo ili kuieleza. Linaloruhusiwa ni kuwaambia watu kwamba kazi haijakamilika, na kwamba sauti katika sehemu fulani ni ya muda, wasije wakaishughulikia bure. Kisha aketi kando, mahali anapoweza kuwaona watazamaji badala ya kuitazama filamu. Mwili husema kabla ya ulimi. Watu wanapojinyoosha, wanapokohoa kwa pamoja, wanapomwuliza jirani jambo kwa kunong'ona, hapo pana kitu. Inafaa ayaandike hayo pamoja na dakika yalipotokea.

Lugha ya Maswali na Adabu ya Majibu

Tatizo gumu kuliko yote huanza taa zinapowashwa. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, aliyealikwa ni mgeni, na mgeni hamwambii mwenyeji kwamba mchuzi haukukolea chumvi. Akiulizwa, "Je, mmeipenda?" atajibu kwamba ni nzuri sana, Mungu ambariki aliyeitengeneza. Jibu hilo si uongo. Ni adabu, na adabu ni lugha yenye sarufi yake. Mwenye kazi asiyeifahamu sarufi hiyo atachukua salamu akaidhania kuwa ni hukumu.

Dawa yake ni kuuliza mambo ambayo hayamlazimishi mtu kusifu wala kulaumu. Mathalan: Kisa hiki kinamhusu nani? Yule mwanamke aliyeingia nyumbani usiku alikuwa nani kwa mwenye nyumba? Kwa nini kijana yule alirudi mjini? Ni mahali gani ulijiuliza jambo ambalo hukupata jibu lake? Ni picha gani unayoikumbuka sasa hivi? Kama ungelazimika kutoka nje kidogo, ungetoka wakati gani bila kujuta? Mtu anayesimulia aliyoyaona hamtukani yeyote. Walakini katika masimulizi yake dosari hujidhihirisha. Watu saba wakisema kwamba yule mwanamke alikuwa dada, hali yeye ni mke wa pili, hakuna haja ya kuwauliza kama filamu inaeleweka. Haieleweki.

Njia nyingine ni kumpa kila mtu nafasi yake peke yake kabla ya mazungumzo ya wote. Wanaosoma na kuandika waandike majibu kabla hawajasikia ya wenzao. Wasioandika wahojiwe mmoja mmoja kwa faragha. Jambo hili lina umuhimu wa pekee mahali ambapo umri na cheo hupanga zamu ya kusema. Mzee akisema kwanza kwamba filamu imejaa mafunzo mema, kijana hatathubutu kusema kwamba alisinzia. Mume akieleza alivyofahamu, mkewe mara nyingi atakubali. Si lazima desturi hiyo ivunjwe. Yatosha kupanga vikao viwili, au kumpa kijana karatasi kabla mzee hajafungua kinywa.

Kuhusu lugha yenyewe, maswali yaulizwe kwa lugha ambayo watazamaji huitumia wanapotaniana na kugombana nyumbani. Mtu aliyeulizwa kwa Kiingereza juu ya filamu ya Kiswahili au ya Kiluo hujibu kama mwanafunzi katika mtihani; hutafuta jibu lililo sahihi badala ya kueleza jibu lake. Aidha, maneno ya ukosoaji hupoteza uzito yanapotafsiriwa. Mtazamaji akisema kwamba mhusika fulani "hana haya", hilo laweza kuwa lawama juu ya tabia ya mhusika katika kisa, au lawama juu ya mtengenezaji kwa kuyaonyesha yasiyofaa kuonyeshwa. Anayeijua lugha ataiona tofauti hiyo na kuuliza zaidi. Mkalimani mwenye haraka ataipoteza. Ikiwa filamu ina maandishi ya tafsiri chini ya picha, nayo yajaribiwe kando, mbele ya watu wanaoyategemea, ili ionekane kama wanawahi kuyasoma na bado wakaziona nyuso za wasemaji.

Mwisho wa yote ni kunyamaza kwa mwenye kazi. Anaposikia kwamba sehemu aliyoihangaikia kwa wiki tatu haikufahamika, kishawishi cha kueleza huwa kikubwa. Akianza kueleza, kikao kimekwisha. Watazamaji watatambua kwamba wamemuudhi, nao watarejea kwenye adabu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye: anayeogopa kuisikia lawama ndogo chumbani ataisikia kubwa ukumbini.

Kupima Maoni

Maoni yakishapatikana, hayana budi kupimwa. Kanuni ya kwanza ni kutofautisha kati ya mahali panapouma na dawa inayopendekezwa. Mtazamaji hukosea mara chache anaposema kwamba alichoka au alipotea. Yeye ndiye shahidi wa kuchoka kwake. Lakini anaposema, "Ondoa yule babu," huwa ameacha kuwa shahidi na kujifanya mganga. Huenda babu yule anachosha kwa sababu hakutambulishwa vizuri alipoingia kwa mara ya kwanza, na dakika moja ikiongezwa mwanzoni atapendwa na wote. Lawama nyingi juu ya mwisho wa filamu zina asili yake katika mwanzo wake. Kwa hiyo mwenye kazi hulichukua donda kwa mtazamaji, lakini dawa huitafuta mwenyewe.

Kanuni ya pili ni kuhesabu bila kuitumikia hesabu. Kama mtu mmoja kati ya kumi na watano hakuelewa jambo, pengine alikuwa akifikiria mambo yake. Kama ni watano, filamu ina ufa. Hata hivyo, liko shauri ambalo mtu mmoja hutosha: pale anapokosoa ukweli wa jambo analolijua. Mvuvi mmoja akisema kwamba hakuna avuaye hivyo, wasiojua kumi na wanne hawawezi kumshinda kwa kura. Wawindaji wa Ayorou hawakuhitaji kuwa wengi ili wawe na haki.

Kanuni ya tatu ni kwamba filamu iliyorekebishwa huonyeshwa kwa watu wapya. Waliokwisha kuiona hawawezi tena kupotea pale walipopotea, maana njia wameijua. Nao pia wamekuwa na kumbukumbu zinazojaza mapengo.

Mipaka ya Njia Hii

Isidhaniwe kwamba kila neno la hadhira ni amri. Tarehe 17 Machi 1942, kampuni ya RKO iliionyesha filamu ya Orson Welles, The Magnificent Ambersons, katika mji wa Pomona, California. Watu walikuwa wametoka kutazama mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo. Sasa waliwekewa kisa kirefu na kizito cha jamaa inayoporomoka. Wengi walicheka pasipo kuchekesha na kuandika maneno makali, ingawa wengine waliisifu. Welles alikuwa Brazili akipiga picha nyingine. Kampuni ilikata zaidi ya dakika 40, ikautengeneza mwisho mpya wenye furaha, na ikaitoa filamu ikiwa na dakika 88. Vipande vilivyokatwa viliharibiwa, na hadi leo havijapatikana. Kosa hapo halikuwa kuwauliza watu. Kosa lilikuwa kuwauliza wasiostahili, katika wakati usiostahili, kisha mkasi ukashikwa na mtu ambaye si mtunzi. Katika filamu huru mkasi ungali mkononi mwa mwenye kazi, na hilo ndilo linaloipa hadhira ndogo nafasi ya kuwa mshauri bila kuwa hakimu.

Rouch naye alipata kukataa ushauri. Filamu yake ya Les maîtres fous, iliyopigwa Gold Coast mwaka 1954 juu ya wafuasi wa pepo waitwao Hauka, ilipoonyeshwa kwa kikundi kidogo cha wataalamu mjini Paris, mwalimu wake Marcel Griaule alimshauri aiteketeze. Hakuiteketeza. Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1955, ikapata tuzo Venice mwaka 1957, na bado inazusha ubishi, kwa kuwa wako Waafrika walioiona kuwa inawadhalilisha. Ousmane Sembène wa Senegali, katika mazungumzo yao ya mwaka 1965, alimlaumu Rouch usoni kwamba yeye na wenzake huwatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Lawama hiyo yapasa kukumbukwa na kila anayekisifu kisa cha Ayorou. Kuwaonyesha watu filamu na kuisikia kauli yao ni jambo jema. Lakini anayeonyesha bado ndiye aliyeshika kamera, na kukubali kuuondoa wimbo mmoja hakuwi sawa na kuwaachia wenyewe waamue ni kisa gani kisimuliwe.

Hitimisho

Imeonekana kwamba onyesho la majaribio lina mzizi mrefu kuliko historia ya sinema. Ni ile ile desturi ya fanani ya kuzisoma nyuso, iliyohamishiwa katika sanaa isiyoweza kuona. Imeonekana pia kwamba faida yake haitegemei ukumbi wala mashine za thamani. Shuka na ukuta vilitosha Ayorou. Kinachohitajiwa ni watu wanaofaa, maswali yanayomwachia mtu adabu yake huku yakiufikia ukweli wake, lugha anayoimiliki anayejibu, na mwenye kazi aliye tayari kunyamaza.

Kwa watengenezaji wa filamu wa Kiswahili na wa lugha nyingine za Kiafrika, jambo hili si anasa. Filamu nyingi za lugha hizi hutungwa na watu waliosomea sanaa yao kwa lugha za kigeni, na hukosolewa kwanza katika matamasha ya ng'ambo, kwa tafsiri. Huenda ikapata sifa huko ikiwa na wimbo unaomkimbiza kiboko, na asiwepo mtu wa kusema. Anayeweza kusema ni yule aliyeketi mbele ya shuka kijijini au mtaani, ambaye mto anaujua. Sharti aulizwe mapema, kabla ukanda haujafungwa, na aulizwe kwa namna itakayomwezesha kujibu.